Miezi 14 nikipiga hewa: Nilijifunza karate kwa kitabu, kisha mtu akanishika shingo

Kwa miezi 14 nilikuwa karateka wa juu ya ploti. Si wa klabu, si wa chuo. Wa juu ya ploti, Pipeline, pale tunapoanika nguo, kati ya tangi la maji na kamba za majirani. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla ya mama wa ghorofa ya tano kuleta nepi za mtoto, mimi niko pale na tishati ya mtumba, miguu mitupu. Kitabu kimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na jiwe limekaa juu ya kitabu ili upepo usifungue kurasa.

Watoto wa ploti waliniita Bruce Lee. Keateka aliniita "yule msee wa kupiga hewa". Kati yao, keateka ndiye aliyekuwa karibu na ukweli.

Naandika haya kwa sababu vijana wenzangu hunijia na swali moja: mtu anaweza kujifunza karate, taekwondo, kung fu au chochote kile peke yake, bila kulipa mwalimu? Vitabu vipo, video zipo, bando likiwepo. Mbona usijipange tu kwa keja yako? Jibu langu si ndiyo wala si la. Kaa chini kidogo nikusimulie.

Ngeta

Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo. Wengine husema "nimepumzisha masomo kidogo", lakini mimi niliacha. Deni la karo lilikuwa la semesta mbili, jina langu likakosekana kwenye orodha ya wanaofanya mtihani, nikabeba godoro nikarudi mtaani. Kitu cha maana nilichobaki nacho ni laptopu. Mamangu aliikopea pesa kwenye chama chao cha akina mama kule nyumbani, akawa analipa kidogo kidogo kila mkutano. Kwa laptopu hiyo niliandikia watu kazi za mtandaoni, nikalipa rent, nikala.

Usiku mmoja natoka steji, saa nne hivi, begi mgongoni, muziki masikioni. Sikuona mtu. Nilihisi mkono tu, umetoka nyuma, ukapita chini ya kidevu, ukakaza. Ukiishi Nairobi unajua jina lake: ngeta. Haina mbwembwe. Mkono mmoja shingoni, wenzake wawili mifukoni. Damu ikizuiwa kufika kichwani, sekunde 10 hivi zinatosha mtu kuzima kama taa.

Nilipozinduka nilikuwa nimekaa kwenye mtaro. Viatu sina, simu sina, begi sina. Mama mmoja aliyekuwa akifunga kibanda chake akaniletea maji kwa kikombe cha plastiki, akaniambia, "Pole kijana. Shukuru Mungu hawakuwa na kisu."

Nilishukuru. Lakini mamangu sikumwambia. Nilimwambia laptopu imeharibika, iko kwa fundi. Uongo huo niliulisha na kuunywesha kwa muda mrefu, nitaurudia.

Kitabu cha mia mbili

Wiki mbili baadaye nilikuwa katikati ya mji, kwa wale wauza vitabu wa kando ya barabara wanaotandaza mali yao kwenye nailoni, hata ukitaka kusoma kichwa cha kitabu lazima uiname. Nilikuwa natafuta kitu cha kunisaidia kupata kazi. Macho yakatua kwa Mjapani mwenye nguo nyeupe na ngumi mbele.

Kilikuwa juzuu ya 5 ya Best Karate, ya Masatoshi Nakayama. Mfululizo wenyewe una juzuu 11. Nakayama alikuwa mwanafunzi wa Gichin Funakoshi, yule mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka wa 1922, na hadi alipofariki mwaka wa 1987 ndiye aliyeongoza mafunzo katika Chama cha Karate cha Japani. Juzuu hii ya 5 inahusu kata za Heian na Tekki. Kata hapa si kata ya chifu wala si kukata mti. Ni mpangilio wa kinga na mapigo unaoufanya kwa mfuatano maalumu, kana kwamba umezingirwa na watu wasioonekana.

Muuzaji aliitisha 350. Nikampa 200 na hadithi ya maisha yangu, akakubali.

Ndani yake, mwenye kitabu wa kwanza alikuwa ameacha alama za penseli. Tiki ndogo kando ya kila picha aliyoimaliza. Heian Shodan, kata ya kwanza, ilikuwa na tiki mwanzo hadi mwisho. Heian Nidan, ya pili, ilikuwa na tiki hadi katikati. Kuanzia hapo kurasa zilikuwa safi. Nilicheka kwenye mathree nzima hadi Pipeline. Huyu alichoka, nikasema. Mimi sitachoka.

Kile kitabu kilinipa

Sitaki kukidharau kitabu, kwa sababu kilinitoa kitandani wakati hakuna kingine kilichokuwa kikinitoa. Ukiacha chuo, siku zinakosa mpaka. Jumatatu inafanana na Alhamisi. Ghafla nikawa na kitu cha kufanya saa kumi na moja na nusu. Heian Shodan ina miondoko 21 na haichukui hata dakika moja. Nilikuwa naifanya mara 20 kila asubuhi. Baada ya miezi miwili nililala usingizi wa kweli, nikaacha kuruka kila nikisikia hatua nyuma yangu. Mapaja yakawa magumu. Nilijua majina: gedan-barai, kinga ya chini, age-uke, kinga ya kupandisha, oi-zuki, ngumi ya kusonga mbele.

Nilianza pia kusoma habari za hao watu wenyewe. Hizi kata za Heian zilitungwa Okinawa mwanzoni mwa karne iliyopita na mwalimu Anko Itosu, ili zifundishwe watoto wa shule. Yeye aliziita Pinan, na Funakoshi ndiye aliyebadilisha jina. Funakoshi naye alitoa kitabu chake cha kwanza cha karate mwaka huo huo wa 1922, na tetemeko kubwa la ardhi la 1923 likaharibu mitambo ya kukichapisha, ikabidi kitabu kiandaliwe upya.

Lakini jambo kubwa zaidi nililosoma kumhusu nililiruka kama dimbwi. Funakoshi anasimulia kwamba alijifunza usiku, nyumbani kwa mwalimu wake Azato. Mwalimu ameketi anatazama, mwanafunzi uani anafanya kata. Akimaliza, anaambiwa arudie. Kesho, tena. Kata tatu za Tekki zilimchukua kama miaka 10. Mimi nilichookota hapo ni kwamba jamaa alifanya mazoezi usiku, uani, kata moja kwa miaka. Nikajiona ndani yake kabisa, Funakoshi wa Pipeline. Yule mwalimu aliyeketi akitazama sikumwona. Mtu husoma anachotaka kusoma.

Hata Bruce Lee ambaye watoto walinipa jina lake, kitabu chake maarufu, Tao of Jeet Kune Do, kilitoka mwaka wa 1975, miaka 2 baada ya kifo chake, kutokana na maandishi aliyoyaacha. Na kabla ya kuandika lolote alikuwa amepitia mikononi mwa Ip Man huko Hong Kong, akijifunza wing chun. Hawa watu waliandika vitabu. Hawakutengenezwa na vitabu.

Kati ya picha ya nne na ya tano

Mwezi wa tano, kiwiko cha kulia kikaanza kuuma kama jino. Sikuelewa. Fomu yangu ilikuwa kama ya kwenye picha, si ndiyo? Baadaye sana ndipo nilielezwa. Nilikuwa nanyoosha mkono hadi mwisho, kwa nguvu zote, hewani. Ngumi ikigonga kitu, kile kitu ndicho kinachoisimamisha. Ngumi ya hewani ikikosa kuzuiwa na misuli, inasimamishwa na kiungo chako mwenyewe. Mara 100 kila asubuhi nilikuwa naupiga mkono wangu.

Goti nalo likafuata. Kuna msimamo unaitwa zenkutsu-dachi: mguu wa mbele umekunja goti, wa nyuma umenyooka. Goti la mbele linafaa kuelekea kule vidole vinakoelekea. Langu lilikuwa likianguka ndani, na kwa sababu nilijitazama kutoka juu, sikuliona. Ploti yetu ina ghorofa saba na haina lifti. Kila asubuhi nikishuka ngazi, goti lilinikumbusha kwamba kuna kitu hakiko sawa, na kila asubuhi nikaliambia kwamba maumivu ni sehemu ya safari. Hayo niliyatoa kwa filamu.

Shida ya picha ni hii. Picha ya nne inaonyesha mtu amekinga. Ya tano inaonyesha amepiga. Kati ya hizo mbili nyonga imezunguka, mguu mmoja umepita karibu na mwenzake, bega limelegea kisha likakaza, pumzi imetoka. Hayo yote yamemezwa na ule mstari mweupe unaotenganisha picha. Nakayama mwenyewe ameeleza mengi kwa maneno, sitamsingizia. Ila mimi, niliyejisifu kwa kusoma, sikusoma maneno. Nilisoma picha.

Na kuna kosa moja kubwa kuliko hayo yote, lakini hilo nililigundua mbele za watu.

"Na ukishikwa hivi?"

Jioni moja jamaa yangu wa boda alipanda juu kuchukua koti lake la mvua. Akanikuta nikimalizia, jasho tele, nimepiga ile kelele ya mwisho, kiai, hadi njiwa wakaruka. Akaniuliza, "Buda, na huyu unampiga ni nani?"

Nikamweleza kwa madaha. Kwamba hii ni sanaa ya kujikinga. Kwamba tangu wale wasee waniangushe nimejipanga, na kama ni mkanda ningekuwa kijani sasa. Huo mkanda wa kijani nilikuwa nimejitunuku mwenyewe kichwani mwezi wa kumi.

Akacheka vizuri tu, bila ubaya. "Sawa. Na ukishikwa hivi?" Akaja nyuma yangu, akaweka mkono shingoni. Hakukaza. Alikuwa ameuweka kama shali.

Mwili wangu haukukumbuka karate. Ulikumbuka mtaro. Mikono ikaning'inia, magoti yakalegea, nikasikia ule muziki uliokuwa masikioni mwangu usiku ule. Gedan-barai ningemkinga nani, na adui yuko mgongoni? Age-uke ningeipandisha wapi?

Jamaa aliachia mara moja. "Aki pole buda. Sikujua." Akakaa nami kando ya tangi hadi giza likaingia, hakuuliza kitu. Kabla ya kushuka akasema kuna mzee fulani, fundi wa umeme, huwa anambeba Jumanne na Alhamisi kwenda ukumbini kufundisha watu hizi vitu. Nikitaka atanifikisha, hatanilipisha.

Kushoto

Ilinichukua wiki tatu kukubali. Watu niliwaambia ni pesa. Klabu ilitaka 1,000 kwa mwezi, na kweli sikuwa nazo. Lakini ukweli niliujua nikiwa nimelala naangalia dari. Kitabu hakicheki. Kitabu hakiulizi "umesoma hadi wapi?". Nilitoka mahali ambapo nilijitafuta kwenye orodha nikajikosa, watu wote wamesimama pale ubaoni. Sikutaka tena mtu yeyote anione nikiwa sijui. Juu ya ploti hakuna aliyejua zaidi yangu, kwa hivyo nilikuwa bingwa.

Jumanne nikaenda. Ukumbi wa jamii, sakafu ya simiti, madirisha mawili hayana vioo. Watu wamepanga mstari kwa mikanda, nyeusi na kahawia mbele, nyeupe nyuma. Nikapelekwa mwisho, pamoja na watoto. Nikajisemea ngojeni tu mwone.

Sensei akaita Heian Shodan. Ile yangu. Ile nimeifanya mara elfu kadhaa. Akaesabu moja kwa Kijapani, na ukumbi mzima ukageuka kushoto. Mimi nikageuka kulia, kwa nguvu, nikajikuta pua kwa pua na kijana wa miaka kama 10.

"Anko," akaninong'oneza kwa heshima zote, "ni kushoto."

Miezi 14. Mtu kwenye picha anakutazama, kwa hivyo kushoto kwake kunakaa upande wako wa kulia, nami nikaiga kama kioo. Maelezo chini ya picha yalisema kushoto wazi kabisa. Si nilikwambia sikusoma maneno?

Sensei akaja. "Nani alikufundisha?"

"Kitabu."

Kuna waliocheka. Yeye hakucheka. "Kipi?" Nikamtajia. Akatikisa kichwa polepole. "Hicho ni kizuri. Siku nyingine ukilete." Kisha akapiga goti langu la mbele kidogo kwa ncha ya mguu wake likatoka nje, likakaa sawa. Sekunde mbili. Lile goti lililoniuma nusu mwaka lilitaka sekunde mbili na mtu aliyesimama kando.

Baadaye tukafanya zoezi la wawili wawili linaloitwa gohon kumite. Ni la kuanza, halina hila yoyote. Mwenzako anakutajia atakapopiga, uso au tumbo, kisha anakuja hatua tano, ngumi tano. Wewe unarudi nyuma ukikinga, mwishoni unajibu. Nikapangwa na msichana wa kidato cha pili, mkanda wa zambarau. Akasema uso. Nilijua ni uso. Nilijua ni mkono wa kulia. Age-uke ninayo. Na bado ngumi yake ilifika, ikanigusa ncha ya pua, ikatulia hapo kwa adabu. Mara tano.

Hapo ndipo nilielewa nilichokosa. Umbo la kinga nilikuwa nalo. Sikuwa na wakati wake wala umbali wake. Kinga yangu ilikuwa nzuri na ilikuwa imechelewa, kwa sababu kwa miezi 14 hakuna kitu kilichowahi kunijia. Hewa haiji. Umbali kati ya watu wawili huwezi kuujifunza ukiwa mmoja, kama vile huwezi kujifunza kuzungumza na mtu kwa kumeza kamusi.

Wenye vitabu peke yake hufanyaje?

Utaniambia, na kama mwalimu hayupo kabisa? Swali zuri, maana kuna watu hali yao ni hiyo hasa. Ulaya na Marekani kuna wapenzi wa upanga wa kale wanaofufua mapigano ambayo walimu wake walikufa karne nyingi zilizopita. Walichobaki nacho ni vitabu. Kipo kimoja kilichohifadhiwa Leeds, Uingereza, kinachojulikana kama I.33, cha miaka kama 700, chenye picha za padri akimfundisha mwanafunzi upanga na ngao ndogo. Mwitaliano Fiore dei Liberi aliandika chake mwanzoni mwa karne ya 15. Mjerumani Joachim Meyer alichapisha chake mwaka wa 1570.

Sasa tazama hao wanavyosoma. Hawajifungii. Wanakutana kwenye kumbi, wamevaa kofia za kinga na glavu nzito, panga butu mkononi. Mmoja anasoma, wawili wanajaribu. Ikikataa, wanarudi kwenye maandishi: labda tumeelewa vibaya, labda mguu ulikuwa ule mwingine. Wanabishana, wanajaribu tena. Kwa hivyo hata pale ambapo kitabu ndicho mwalimu pekee, darasa bado lina watu.

Kama huna pesa, fanya hivi

Siwezi kukwambia "tafuta dojo" nikaondoka, kwa sababu najua bei ya unga. Haya ndiyo ningemwambia yule mimi aliyeinama pale kwenye nailoni.

Kwanza, chagua kitabu kimoja, mtindo mmoja. Kinachokuahidi kuwa hatari kwa siku 30, kirudishe chini.

Pili, soma maneno kabla ya picha. Andika "K" kwa kalamu kwenye mkono wa kushoto. Utaonekana mjinga asubuhi moja badala ya miezi 14.

Tatu, jirekodi kwa simu, kutoka mbele na kutoka kando, kisha linganisha. Usiamini unavyojihisi. Goti lifuate vidole. Kiwiko kisifungwe hadi mwisho hewani. Misuli ikiuma ni mazoezi, kiungo kikiuma ni ujumbe. Simama.

Nne, tafuta mtu mmoja. Hata kama hajui lolote. Mpe mto ashike upige, aje mbele polepole akuguse bega nawe ujaribu kusonga. Mambo ya kukabana shingo usiyajaribu nyumbani bila anayejua, hata kwa mzaha na rafiki.

Tano, nenda klabu utazame kwanza. Mimi ningetazama bure siku ya kwanza kama ningeuliza. Na ukikosa pesa sema. Nilimwambia sensei, akaniuliza ninajua kufanya nini. Sasa nafagia ukumbi kabla ya mazoezi na kuandika matangazo ya klabu. Nalipa nusu. Mchezo huu una njia hapa kwetu. Dickson Wamwiri aliiwakilisha Kenya kwa taekwondo Olimpiki ya Beijing 2008, na Faith Ogallo Tokyo 2020. Kote huko kuna mtu wa kushika pedi, mtu wa kupiga nawe, mtu wa kusema rudia.

Na ngeta? Nilimuuliza sensei mwezi wa pili. Akanifundisha mambo machache tukirudia kwa upole: kidevu chini mara moja, mikono miwili iuvute ule mkono, geuka kuelekea mkunjo wa kiwiko chake, maana huko ndiko kuna nafasi. Tunalifanya kila Alhamisi. Mara 20 za kwanza nililia kidogo, nikasema ni jasho. Kisha akasema jambo ambalo hakuna kitabu cha mia mbili kingeniuzia: wakiwa watatu, toa simu. Toa begi. Tembea bila muziki masikioni, pita kwenye mwanga, fika nyumbani.

Tiki

Kitabu bado ninacho. Nilikipeleka kwa sensei, akakifungua akasoma akiwa amesimama, akatabasamu mahali fulani, akanirudishia. Sasa nakisoma usiku baada ya mazoezi, na ajabu ni kwamba kimeanza kuongea. Sentensi niliyoiruka mara mia naisoma na nyonga yangu inaitikia: kumbe ndiyo hii. Kitabu cha karate ni daftari la mtu aliyekuwa darasani. Ukilisoma bila kuingia darasani, una maandishi ya mwenzako tu, na kila mwanafunzi anajua hayo husaidia nini siku ya mtihani.

Yule wa penseli aliyeishia katikati ya Heian Nidan, simcheki tena. Huenda hakuchoka. Huenda alifunga kitabu akatafuta watu.

Mamangu nilimpigia Jumapili moja jioni, nikamwambia yote. Ngeta, mtaro, laptopu. Alinyamaza kidogo hadi nikadhani kredo imeisha. Kisha akasema, "Baba, fundi gani hukaa na mashine mwaka mzima? Nilijua zamani. Nilikuwa nangoja uniambie." Akaniuliza kama shingo bado inauma. Nikamwambia haiumi. Akaniuliza hiyo karate inalipa. Nikamwambia bado.

Tiki yangu ya kwanza kwenye Heian Nidan niliiweka mwezi jana, pale pale mwenzangu alipoachia. Ukitaka kuniona, niko ukumbini Jumanne saa kumi na mbili jioni, mkanda mweupe, mstari wa mwisho, kando ya yule kijana wa miaka 10. Yeye ndiye hunitazama miguu.